Siku 21: Kufanya Kazi Ukiwa Kwenye Matibabu ya Saratani

Masika yakishika Kilosa, mahindi na magugu huota pamoja. Ukichelewesha palizi wiki mbili, mahindi yanapauka, na hasara ya mwaka mzima inaanzia hapo. Sasa chukulia kwamba wiki hiyohiyo ya palizi ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi yako ya kliniki kuwa wiki ya dripu ya tatu, Dar es Salaam. Uende wapi?

Wapo wanaokwenda shambani. Wanajiambia kwamba hospitali itakuwa mwezi ujao, magugu yakishatoka. Wapo na wanaofanya kinyume: wakishasikia neno saratani wanaacha kila kitu, wanafunga genge, wanarudisha kitambulisho cha kazi kwa bosi na kukaa kibarazani. Wote wanajipunja. Kwa wagonjwa wengi kazi inawezekana wakati wa matibabu, ila iwe kazi iliyokatwa upya, kama fundi anavyopunguza nguo ya mtu aliyekonda. Kinachopunguzwa ni kazi. Tarehe ya matibabu haiguswi.

Wala wewe si wa kwanza. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani Tanzania kuwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka huo mmoja, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyoongoza. Wengi wao walikuwa watu wenye umri wa kufanya kazi na watoto wa kusomesha.

Tumewaona hata wakubwa. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Aliporejea mwishoni mwa mwezi huo aliwaambia wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema, na mwaka uliofuata alimaliza kipindi chake cha urais. Kenya, Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa Safaricom, aliondoka ofisini Oktoba 2017 kwenda kutibiwa saratani ya damu Uingereza. Alirudi kazini Julai 2018 na akaendelea na kazi hadi mauti yalipomkuta Julai 1, 2019.

Ugonjwa wao na wa mkata miwa wa Ruhembe ni jamii moja. Walichomzidi ni vitu vitatu: walikuwa na mtu wa kukaimu, mshahara uliendelea kuingia, na kazi yao ilikuwa ya kiti. Vitu hivyo vitatu ndivyo tutakavyovitafuta hapa, kwa kipimo cha Kilosa na Mikumi.

Dripu ina wiki tatu zisizofanana

Dawa nyingi za saratani zinazopita kwenye mshipa, ambazo wagonjwa huziita kemo au dripu tu, hutolewa kwa mizunguko ya siku 21. Si zote. Nyingine ni za kila wiki, nyingine siku 14 au 28. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza daktari kuhusu vyakula vya kuacha, muulize hili: mzunguko wangu ni wa siku ngapi, na iko mizunguko mingapi? Jibu liandike kwenye kalenda ya ukutani. Usilibebe kichwani, maana dawa hizi huleta pia usahaulifu.

Wiki ya kwanza ni ya kulala. Siku tatu hadi tano baada ya dripu kunakuwa na kichefuchefu, mdomo unapoteza ladha, na unakuja uchovu usiofanana na wa jembe: wa jembe ukilala unaisha, huu unaamka nao. Vidonge vya kuzuia kutapika vimeze kwa saa ulizoandikiwa, usingoje utapike kwanza. Anayepewa ile dawa nyekundu, doxorubicin, ataona mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili. Si damu. Kwa siku mbili hivi baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi huwa na mabaki ya dawa, kwa hiyo anayekufulia nguo na mashuka avae glavu.

Wiki ya pili ndiyo yenye hila. Kichefuchefu kimeisha, chakula kinapita, unajiona mzima. Wengi hurudi kazini hapo kwa furaha. Lakini ndani ya mwili, kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu, yaani askari wa kinga, huwa zimeshuka kuliko wakati mwingine wowote wa mzunguko. Mchubuko ambao zamani ungeupaka mate ukaendelea na kazi, sasa unaweza kukulaza wodini. Wiki hiyo kaa mbali na mnada, na Kosta iliyojaa hadi mlangoni, na banda la kuku, na samadi, na mahindi yenye ukungu yanayopukuchuliwa. Msiba wa jirani? Tuma mchango na mwakilishi. Jirani mwenye akili ataelewa.

Wiki ya tatu ndiyo yako. Chembe zimepanda, nguvu zimerudi kiasi. Kama kuna kazi ya kusimama, ya kutembea au ya kwenda benki, iweke hapo. Mkulima aweke hapo siku za kuonana na vibarua na kukagua shamba, mwalimu aweke hapo kusahihisha mitihani. Ila usidanganywe na dripu ya kwanza. Uchovu hujilimbikiza, na mzunguko wa nne au wa tano huwa mzito kuliko uliotangulia. Ukipanga kazi za miezi minne, miezi miwili ya mwisho ipangie nusu.

Zipo pia dawa, kama paclitaxel, vincristine na cisplatin, ambazo hutia ganzi vidole vya mikono na miguu. Kwa karani ni kero. Kwa anayeshika panga, sindano ya cherehani au sufuria ya moto ni hatari, kwa sababu ataungua au kujikata bila kuhisi. Ukianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, mwambie daktari. Usingoje ufikie kuangusha vitu.

Homa: achana na mseto wa dukani

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ni Kilosa tunayoizungumzia. Kwetu homa ina jina moja: malaria. Mtu akitetemeka jioni, mtoto anatumwa duka la dawa kuchukua mseto na panadol, na asubuhi anaamkia kazini. Kwa mtu asiye kwenye kemo, mazoea hayo ni mabaya tu. Kwa aliye kwenye kemo yanaweza kumuua.

Homa inayofika nyuzi 38 wakati chembe nyeupe zimeshuka inaweza kuwa dalili ya vijidudu kuingia kwenye damu, na hali hiyo huhesabiwa kwa saa. Nunua kipimajoto, hakina gharama kubwa, na uwe nacho hata kazini. Ukiona 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi hata kama kipimo hakijapanda, nenda hospitali muda huohuo, usiku au mchana: Hospitali ya Wilaya kwa aliye Kilosa, Mtakatifu Kizito kwa aliye Mikumi, au kituo kikubwa kilicho karibu. Usimeze panadol kwanza, kwani inashusha homa na kuficha dalili huku ugonjwa ukiendelea. Ukifika usiseme tu "nina homa." Sema: "Niko kwenye dawa za saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Sentensi hiyo inakutoa kwenye foleni ya malaria. Malaria watakupima pia, lakini pamoja na damu kamili, na antibayotiki haitasubiri.

Mweleze na mtu mmoja kazini habari hii ya homa. Si lazima ajue mengine. Ajue tu kwamba ukisema natetemeka, anaita bodaboda.

Mionzi haina likizo ya mavuno

Mionzi ni habari nyingine kabisa. Haiji kwa mizunguko ya wiki tatu. Inapigwa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa mfululizo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mpango wa kawaida ni kama vipindi 25 vya mionzi ya nje kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani, na yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane hivi. Yakivutwa kupita hapo, nafasi ya kupona inapungua. Mgonjwa anayekatiza wiki mbili akavune ufuta, halafu arudi kumalizia, anarudi kwenye tiba iliyokwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake.

Na mashine haziko Morogoro. Njia ya mtu wa Kilosa huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapita hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, pale ufukweni kwenye jengo la kale ambalo Wajerumani walilifungua kama hospitali mwaka 1897. Kwa hiyo mpango wa kazi wa mtu wa mionzi ni rahisi kuutamka na mgumu kuutekeleza: miezi miwili hayupo. Tafuta mtu wa kukaimu kabla hujapanda gari. Ukiwa Dar unaweza kufanya kazi za simu, kama kuagiza mzigo, kulipa vibarua na kufuatilia wadeni, na anayeshona au kusuka anaweza kushona au kusuka. Lakini usijitwishe kibarua cha mjini ili ulipe chumba. Watu wamejaribu, wakaishia kukosa vipindi.

Hofu moja ifutwe: aliyepigwa mionzi ya nje hatoki na mionzi mwilini. Anaweza kukaa ofisi moja na mjamzito, kumpakata mjukuu, kula sahani moja na wenzake. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kwa kuachiana jembe. Nasema hivi kwa sababu wapo wateja wanaohama genge wakisikia mwenye genge ana kansa, na mwenye genge akose la kuwajibu.

Kazi yako ni ipi?

Mkata miwa na mkata mkonge wana kazi nzito kuliko wote tutakaowataja. Panga, jua kali, majivu ya miwa iliyochomwa, miba ya mkonge, na choo kilicho mbali au kisichokuwepo. Sitaki kumdanganya mtu: kukata kwa mafungu ukiwa kwenye kemo si kazi ya kuendelea nayo. Ombi la maana kwa nyapara au msimamizi ni kuhamishwa kwa muda kwenda kuhesabu mafungu, stoo, mizani, kitalu, au geti. Aliyepigwa mionzi ya nyonga huenda haja mara kwa mara na kuharisha, na hilo si jambo la kuvumilia katikati ya shamba lisilo na kichaka. Liweke kwenye ombi lako bila haya: naomba kazi iliyo karibu na choo na maji. Mwanamke anayetokwa uchafu au damu kwa saratani ya mlango wa kizazi analihitaji hilo zaidi kuliko kiti.

Aliyeondolewa titi pamoja na matezi ya kwapani asibebe ndoo wala mzigo mzito kwa mkono wa upande huo mpaka daktari amruhusu, na aulinde dhidi ya miba, kuungua na kuumwa na wadudu, kwa sababu mkono huo unaweza kuvimba na kubaki hivyo. Mazoezi mepesi ya mkono aliyofundishwa hospitali ayafanye kila siku. Kuulaza mkono bila kazi kabisa nako ni kosa.

Mama lishe wa Mikumi, pale malori yanapolala, ana adui wawili: moshi na harufu ya mafuta. Wiki ya kwanza jikoni asikanyage. Achukue daftari na pesa, akae pembeni, akaange mwingine. Wiki ya pili ajitenge na msongamano wa abiria wa mabasi, na asishike nyama mbichi wala kuku wa kunyonyoa. Wiki ya tatu arudi kwenye chungu. Huyo anayekaanga awe na makubaliano yaliyoandikwa, hata kama ni binti wa dada yako: analipwa kiasi gani kwa siku, nani anashika funguo, faida inagawanywaje siku mwenyewe hayupo. Ndugu wengi wamegombana juu ya biashara ya mgonjwa kuliko juu ya urithi. Madereva wanalielewa hili vizuri: dereva akiumwa anaweka deiwaka, yaani mtu wa kumshikia gari kwa siku, na hesabu ya siku inajulikana kabla gari halijawashwa. Genge na saluni navyo vinaweza kuwa na deiwaka.

Tukiwa kwa madereva: vidonge vingine vya kichefuchefu vinaleta usingizi, na morfini ya kunywa, ambayo ni dawa nzuri na halali ya maumivu ya saratani, nayo husinzisha siku za mwanzo au dozi inapoongezwa. Bodaboda, trekta, msumeno wa mbao na mashine ya kukoboa visubiri. Barabara ile inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, yenye tembo na nyati wanaovuka usiku, haimtaki dereva anayesinzia hata akiwa mzima.

Watu wa hoteli na waongoza watalii wana nafuu ya kubadilishiwa zamu. Ombeni mapokezi badala ya vyumba, asubuhi badala ya usiku. Aliye kwenye mionzi au dawa zinazoichoma ngozi kwa jua avae mikono mirefu na kofia pana, na asikae upande wa gari unaopigwa na jua. Mwalimu anaweza kuomba vipindi vya asubuhi, kiti darasani, na kuepushwa na darasa lenye mlipuko wa tetekuwanga au surua. Mwalimu mkuu mwelewa hulipanga hilo kwenye ratiba bila kutangaza sababu.

Na mkulima mwenye shamba lake? Hana wa kumwomba ruhusa, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Ushauri wangu ni wa kuuma: punguza eka. Kama ulikuwa unalima nne, lima moja na nusu iliyo karibu na nyumba, kodisha zilizobaki kabla msimu haujaanza, na pesa ya kukodisha iwe ndiyo nauli ya kliniki. Kupulizia dawa za wadudu na magugu kwa bomba la mgongoni ni kazi ya mtu mwingine msimu huu wote. Tembea shambani asubuhi, maana kutembea na kazi nyepesi hupunguza uchovu wa dawa kuliko kulala kutwa. Saa nne ikifika, rudi nyumbani.

Sheria imeweka siku ngapi?

Mwenye mwajiri ana haki ambazo wengi hawazidai kwa sababu hawajui hesabu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Likizo ya mwaka, siku 28, ni fungu jingine.

Tupige hesabu. Mwanamke ana mizunguko sita ya kemo na wiki sita za mionzi. Mionzi ni siku 42. Kemo, akipumzika siku tano tu kila mzunguko, ni siku 30. Jumla 72. Siku 63 analipwa kamili, siku 9 analipwa nusu, na bado anabakiwa na siku 54 za nusu mshahara kwa dharura. Sasa mwangalie mwenzake aliyeomba likizo moja ndefu tangu siku alipopewa majibu: miezi minne na kidogo siku zake zote zimekwisha, na matibabu bado yanaendelea. Ndiyo maana nasema omba mapumziko vipandevipande, kila dripu na cheti chake, kila cheti na nakala yake kwenye faili lako nyumbani. Ile karatasi ya ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini, ni mali, usiikunje mfukoni mpaka ikafutika maandishi.

Wafanyakazi wa msimu hawakusahauliwa. Sheria inawapa nao haki ya likizo yenye malipo. Asiyetimiza miezi sita kazini kwa kawaida hana haki hiyo, lakini aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka mmoja, na jumla ikapita miezi sita, anayo. Tunza karatasi za malipo za kila msimu. Watumishi wa umma, wakiwamo walimu na wauguzi, wana kanuni zao, na mlango wa kugonga ni wa afisa utumishi wa halmashauri.

Je, wanaweza kukufukuza? Ugonjwa unaomfanya mtu ashindwe kabisa kazi unaweza kuwa sababu ya kusitisha ajira, lakini si kwa simu ya jioni. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri apate maoni ya daktari, aangalie kama tatizo ni la muda au la kudumu, atafute kama ipo kazi nyingine au namna ya kukupunguzia, na akusikilize kabla hajaamua. Akiruka hayo, una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayojulikana kama CMA, ambayo ina ofisi Morogoro. Siku 30 ni chache kwa mtu anayetapika, kwa hiyo mtume mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mapema: TPAWU kwa watu wa mashamba, CHODAWU kwa wa hoteli na hifadhi, CWT kwa walimu.

Na kwa heri yako mwenyewe, usisaini barua ya kuacha kazi ukiwa umelala kitandani, hata ikiletwa na mtu mpole mwenye matunda. Ukiacha kazi, bima ya NHIF iliyokuja na ajira hiyo inaondoka nayo. Kwa mgonjwa wa saratani kadi hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko mshahara wenyewe. Kama mwisho wa yote daktari anaona hutaweza tena kazi, njia ni kuomba pensheni ya ulemavu NSSF au kwenye mfuko wako, na hilo lifanyike ukiwa bado kwenye orodha ya waajiriwa.

Namna ya kumwambia bosi

Huna wajibu wa kumwambia kila mtu ugonjwa wako. Cheti cha daktari kinatosha kwa likizo. Lakini ukitaka kazi ipunguzwe, msimamizi mmoja lazima aelewe. Nenda asubuhi, si mwisho wa zamu akiwa amechoka. Nenda na barua ya hospitali na kalenda uliyoitia alama. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Shikamoo mzee. Nina jambo la afya. Nimeanzishiwa matibabu ya mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu. Wiki ya dripu sitafika siku tano. Wiki ya pili naomba kazi isiyo na vumbi wala watu wengi. Wiki ya tatu niko nanyi kama kawaida. Barua hii hapa, na tarehe zote nimekuandikia."

Bosi mwenye huruma anaweza kujibu: "Pole sana mwanangu. Basi kapumzike tu mpaka upone." Jibu hilo ni zuri masikioni na baya mfukoni. Mjibu: "Nashukuru sana, mzee. Ila ninachoomba ni kazi nyepesi, nisiondolewe kwenye orodha." Kisha mwombe aandike mlichokubaliana, hata mistari miwili, na nakala yake ubaki nayo.

Safari na pesa

Tangu Julai 2024 treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma inapita Kilosa, na kwa mgonjwa ni nafuu kubwa: choo kipo, njia haina matuta, na stesheni ya Dar haiko mbali na Ocean Road. Angalia tiketi, kwa sababu zipo treni za haraka zisizosimama kila stesheni. Mtu wa Mikumi yuko kwenye barabara kuu na mabasi yanapita kutwa, lakini asirudi siku ileile ya dripu kama anaweza kulala kwa ndugu usiku mmoja. Masika ondoka siku moja kabla. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulikata hata reli.

Muulize daktari kama kipimo cha damu kinachotangulia dripu kinaweza kufanyika Kilosa au Mikumi siku mbili tatu kabla, na majibu yakapelekwa kwa simu. Damu ikiwa ndogo dripu itaahirishwa, na utakuwa umeokoa nauli na siku mbili za kazi.

Saratani imo kwenye orodha ya magonjwa yanayostahili msamaha wa gharama katika hospitali za serikali, ila msamaha haukufuati. Unaufuata. Chukua barua kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kabla ya kusafiri, uipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, ukaulize hapohapo na habari za malazi. Kikoba chako nacho kiambie mapema, kabla hujadaiwa. Wanachama huwa tayari kumsogezea tarehe ya rejesho mtu aliyekuja na kalenda mkononi.

Kama tarehe yako ya dripu ni wiki ijayo na palizi haijaisha, tafuta mtu wa palizi leo, mkubaliane bei, umkabidhi na jembe. Jumatatu uwe kwenye treni.